Kicheko Kwenye Simu ya Tuta

Nyumba ya tuta namba tisa, Sárkerek
29 Machi 1962
Asubuhi: ukungu, nyuzi nne, upepo wa kusini. Mvua tangu saa kumi alfajiri.

Mpendwa Gergely,

Leo saa moja asubuhi kipimo cha mto kimesoma sentimita 512. Jana kilikuwa 487. Theluji ya nyuma ya zizi imekwisha. Kile kiraka cha mwisho chenye umbo la kiatu kilikuwepo jana jioni, leo hakipo. Ikiwa huku bondeni imekwisha, naweza kukisia kinachoendelea milimani unakoanzia mto wetu.

Ni siku ya nne tangu ofisi ya maji ikuchukue kwenda kusaidia Kisfüzes, juu ya mto. Nakuandikia badala ya kukupigia kwa sababu unaijua simu ya tuta hili linalozuia mto. Waya ni mmoja, nyumba kumi na moja, na ukizungusha kumwita mmoja, wote kumi wananyanyua. Juzi nilimwambia Sári wa namba nane kwamba mgongo unaniuma. Mchana Matyi wa lori la mikate akaniletea mafuta ya kuchua kutoka kwa Mzee Lőrinc wa namba saba. Sikuwa nimemwambia Mzee Lőrinc chochote. Lori hilohilo ndilo litakalokuletea barua hii.

Ofisi imetuletea mhandisi, kijana wa mjini, jina lake Tibor Szendrey. Atakaa chumba kidogo hadi maji yashuke. Viatu vyake ni vya kuendea ofisini. Soli ziliachia siku ya kwanza.

Nguruwe ni mzima. Mkobani kuna kipande cha mafuta ya moshi ya yule nguruwe wa mwaka jana na jozi mbili za soksi za sufu. Za kijivu ni za kazini, za kahawia ni za kulalia. Usizichanganye.

Wako,
Etelka

Nazima taa saa nne na robo.


Kisfüzes
31 Machi

Etelka,

Soksi zimefika. Mafuta yamefika nusu. Nusu nyingine kala Matyi, na mwenyewe kakiri.

Huku mvua inanyesha juu ya theluji, na theluji inashuka mtoni yote kwa pamoja. Leo asubuhi 655, na maji yanapanda sentimita mbili kila saa. Tuta la huku ni la mchanga, si udongo mzito kama letu. Mwenye nyumba hii, kama unavyojua, ni Vilma Daru, tangu mumewe afariki. Anapika supu ya maharage yenye pilipili nyekundu ya kutosha. Mtu anapata nguvu.

Nina swali moja. Leo saa moja asubuhi, zamu yako ya kusoma namba kwenye waya ilipofika, mwanamume alicheka jikoni kwetu. Alicheka sana. Nawe ulisema, "Namba tisa, mia tano…" ukakatika, ukacheka pia. Nyumba zote kumi na moja zilisikia. Mzee Lőrinc akasema kwenye waya, "Namba tisa kuna harusi, na hatujaalikwa." Watu wakacheka tena.

Miaka kumi na minane nimesoma kipimo hicho. Sijawahi kukisoma nikicheka.

Leo kazi imekuwa nyingi. Siwezi kuandika zaidi.

Gergely


Sárkerek
2 Aprili 1962
Asubuhi: mvua kubwa, nyuzi saba, upepo umegeuka kuwa wa magharibi. Kipimo 634.

Gergely,

Nitakujibu kwa mpangilio.

Kwanza, kicheko. Mhandisi alitia chumvi kwenye kahawa akidhani ni sukari. Akaona aibu kusema, akainywa yote. Nikamwuliza kama anataka kikombe kingine. Basi, hicho ndicho kicheko.

Pili. Jana saa moja nilisimama na simu sikioni nikiisubiri sauti yako. Tangu uondoke ndicho kitu pekee chako ninachokipata. Nikasikia: "Kisfüzes, mia saba na tatu, maji yanapanda." Sauti ya mwanamke. Nzito, haina haraka, kama ya mtu aliyekwisha kunywa kahawa yake na kunyoosha miguu. Kisha akaongeza, watu wote wakisikia: "Bibi Bakos, mumeo anakusalimu. Mzima kabisa, na anakula vizuri."

Mtu akaguna. Nadhani ni Sári.

Leo tena ni yeye. Nimeandika katika daftari langu: tarehe moja, sauti ya Vilma. Tarehe mbili, sauti ya Vilma. Anakula vizuri.

Tatu. Matyi anasema soksi zako za kahawia zinaning'inia juu ya jiko la Vilma. Nilikwambia za kahawia ni za kulalia.

Nne. Dansi ya walinzi wa tuta, Februari. Tukirudi nyumbani ulisema ulicheza na Vilma mara moja. Ulicheza mara mbili. Ile ya pili wapiga fidla waliurudia wimbo tangu mwanzo, nanyi hamkuachana. Nilikuwa nimekaa na koti lako mapajani.

Swali langu ni hili tu. Kwa nini husomi namba mwenyewe?

Etelka

Saa sita usiku, bado niko macho.


Kisfüzes
3 Aprili

Etelka,

Koo limenikauka kwa baridi, sauti haitoki. Ndiyo maana anasoma Vilma. Umeridhika?

Soksi zililowa zote, za kijivu na za kahawia. Jiko ni moja.

Sasa na mimi nina hesabu zangu. Matyi anasema mhandisi anatembea juu ya tuta letu akiwa amevaa buti zangu. Buti zangu ndefu, Etelka, zile ambazo fundi alinipima mguu mara tatu. Anasema kijana anakaa kwenye kiti cha dirishani. Anasema wewe siku hizi ni "Etelka" tu, "Bibi" imekwenda na maji. Na Jumamosi ulimkaangia maandazi. Mimi maandazi nayaona kabla ya kwaresima na nikiugua homa.

Ana miaka ishirini na minne na vidole kama vya mpiga kinanda. Mwambie mto haupimwi kwa penseli. Mwambie azivue buti.

Gergely


Sárkerek
4 Aprili 1962
Asubuhi: mvua nyembamba, nyuzi nane, hakuna upepo. Kipimo 701.

Kwa Bibi Vilma Daru, Kisfüzes

Bibi Vilma,

Hatujaandikiana kamwe, na sikutegemea kwamba ningeanza mimi.

Mume wangu ananiandikia kwamba koo limemkauka na sauti haitoki. Matyi, bila kuulizwa, ananiambia kwamba jana alimsikia akimtukana farasi wa mkokoteni wa mchanga kwa sauti iliyofika ng'ambo ya mto. Mmoja wao anadanganya, na Matyi hana sababu.

Nataka kujua mambo matatu. Analala wapi. Anakula mezani kwa nani. Na kwa nini sauti yako imeketi mahali pa sauti yake.

Nijibu kwa maandishi, si kwa simu. Mimi si mtu wa kupayuka. Lakini kama kuna jambo, lijulikane kabla kilele cha maji hakijanifikia, maana siwezi kulinda tuta na mlango wa chumba changu kwa wakati mmoja.

Etelka Bakos

Sikulala.


Kisfüzes
5 Aprili

Etelka mwenzangu,

Nimecheka, kisha nimekasirika, kisha nimeketi kukujibu, na sasa maharage yameungua. Hayo ni juu yako.

Analala wapi? Ghalani, juu ya nyasi kavu, na askari thelathini walioletwa kujaza magunia, na anakoroma mpaka farasi wanataka kuhama. Anakula wapi? Amesimama, bakuli mkononi, nami nampakulia kama ninavyowapakulia hao thelathini. Soksi zake ziko juu ya jiko langu pamoja na soksi zao. Njoo uzinuse mwenyewe, halafu uniambie kama hayo ndiyo mapenzi.

La tatu aliniapisha nisikwambie. Alinishika mkono kabisa. Lakini aliyeniapisha hakuniambia kwamba nitaletewa barua ya kuitwa mwizi, kwa hiyo kiapo nakivunja.

Ilikuwa tarehe thelathini na moja, saa tatu asubuhi. Mume wako alikuwa anakagua mguu wa tuta, upande mkavu. Chemchemi ya mchanga ikafunguka mbele yake, ndogo kama sahani, inachemka tope la kijivu. Wewe na mimi tumezaliwa tutani, hatuhitaji kufundishwa. Haizibwi ile. Unaizungushia magunia kama unajenga kisima, unayaacha maji yasimame humo ndani mpaka yasukumane yenyewe kwa yenyewe na kutulia, na unatazama rangi. Maji safi, kaa upumzike. Maji ya tope, tuta linaondoka chembe kwa chembe. Hata watoto wetu wanacheza mchezo huo uani.

Na Gergely Bakos, miaka kumi na minane kazini, akatupa magunia sita juu ya jicho la chemchemi, akapanda juu, akakanyaga. Alikanyaga kama mtu anayeua nyoka. Nilipiga kelele kutoka mlangoni, "We Bakos, umerogwa? Zungushia! Zungushia!" Wapi. Hakunisikia. Dakika ishirini baadaye maji yalitoka hatua tatu kando, shimo la upana wa gurudumu la mkokoteni, na kipande cha tuta kikaketi chini kama ng'ombe aliyechoka.

Askari walipambana nalo mpaka saa kumi jioni. Hakufa mtu. Walikwenda na maji bata bukini wangu kumi na wanne na viazi vyote vya shimoni.

Mkuu wa sehemu alimnyang'anya daftari la kipimo palepale, mbele ya askari. Tangu siku hiyo anabeba magunia, haongei na mtu, anaongea na farasi. Jioni ile nilimwuliza, "Bakos, ilikuwaje?" Akasema, "Walikuwa wanacheka jikoni kwangu." Hilo tu. Na mimi mjinga nikaona nikikusalimia kwenye waya utajua mumeo yu hai. Ndio huo wema wangu.

Sasa sikiliza. Kamati ya uchunguzi inakaa tarehe kumi. Akificha, wataandika wengine, na huyo mhandisi wako ni mmoja wa wanaowaandikia ripoti. Akifukuzwa kazi, nyumba nayo inakwenda. Hilo unalijua kuliko mimi.

La mwisho, halafu nirudi kukwangua sufuria. Mwaka wa tano huu hakuna mtu anayeuliza nimelala wapi wala nimekula kwa nani. Niliposoma maswali yako matatu nilikuonea wivu. Kwa hiyo sasa tumelingana.

Kilele kimepita hapa leo saa kumi na moja alfajiri, 812. Kwako kitafika tarehe saba, mchana. Tazama mguu wa tuta nyuma ya miplamu, ile miti yako ya matunda. Marehemu baba yako alikuwa akimwambia baba yangu kwamba pale chini pana mchanga.

Vilma


Sárkerek
8 Aprili 1962
Asubuhi: jua, la kwanza tangu tarehe ishirini na nne Machi. Nyuzi kumi na moja. Kipimo 766, maji yanashuka.

Gergely,

Najua. Usimlaumu Vilma. Mimi nilimlazimisha.

Kilele kilipita hapa jana saa saba mchana, 781. Tuta limesimama. Nyumba imesimama. Nguruwe alikaa siku mbili kwenye chumba cha kufulia na hataki kutoka.

Sasa nikueleze kilichotokea kabla ya saa saba, kwa sababu ninataka ukisikie kwangu kabla hakijapita kwenye waya.

Jana saa nne asubuhi nilikuwa peke yangu nyuma ya miplamu. Mhandisi na watu wote walikuwa mpakani na namba nane, ambako maji yalikuwa yanalamba mgongo wa tuta. Nilikuwa na gunia moja begani na barua ya Vilma mfukoni mwa aproni. Chemchemi ikafunguka kati ya mti wa pili na wa tatu. Ndogo. Tope la kijivu, inachemka bila kelele, hatua arobaini kutoka kitandani kwetu.

Nilikuwa nimeisoma barua ile mara sita. Nilijua ulichokosea, neno kwa neno. Nilikuwa nimekuita mpumbavu kwa sauti, nikiwa peke yangu, nikikamua ng'ombe. Na bado lile gunia nililiweka juu yake, Gergely. Juu kabisa. Nikaliegemea kwa goti, kwa uzito wangu wote, na sikuwa nalitazama tope. Nilikuwa naitazama ile dansi ya Februari, na mkono wako mgongoni kwake.

Kisha nikahisi ardhi inatetemeka. Si chini ya gunia. Kando, kama ngozi ya ngoma ikipigwa chumba cha pili. Hapo ndipo nikarudi nilipokuwa. Nikaliondoa gunia na kupiga yowe.

Sijui goti langu lilikaa pale dakika ngapi. Ni jambo pekee la wiki hii ambalo sikuliandikia saa.

Wa kwanza kufika alikuwa Sári, miguu mitupu. Nyuma yake Mzee Lőrinc, anachechemea na kufoka: "Mdomo wa gunia uangalie ndani, mama! Ndani! Mnajenga kisima au kiota cha kuku?" Tukapanga mistari minne. Maji yakasimama ndani ya duara mpaka magotini. Yalikuwa tope hadi saa sita. Saa nane kasoro robo niliingiza mkono na nikaviona vidole vyangu vyote vitano. Mzee Lőrinc akavua kofia, akaketi juu ya gunia, akaniambia, "Haya, sasa nenda ukalie pembeni, wewe ulianza kazi kabla yetu." Nikalia.

Mhandisi alipokuja nilimweleza kuhusu goti. Sikuulizwa, nilisema mwenyewe. Akatoa penseli, akaandika kitu kirefu. Halafu akaniambia, "Bibi Etelka, kamati itataka jina la mlinzi wa namba tisa kabla ya tarehe kumi na tano. Nikiandika la kwako, utakataa?"

Anasema "Bibi". Daima amesema "Bibi". Matyi amekuongopea, au umemsikia ulivyotaka.

Sijamjibu. Lakini sitaki tena kuficha kitu, kwa hiyo nisikilize. Nilitaka kusema ndiyo. Nilitaka kwa saa nzima, na katika saa hiyo sikukufikiria wewe hata kidogo. Miaka kumi na minane nimekuona ukitoka kila asubuhi na daftari la kipimo kwapani, na mimi nimebaki na daftari langu la ukungu na upepo ambalo hakuna anayelisoma. Vilma si wa kwanza niliyemwonea wivu. Wa kwanza ni wewe.

Na buti. Nilimpa mimi, tarehe ishirini na saba, na katika barua yangu nikakuandikia habari za viatu vyake nikaishia hapo. Kuruka jambo ni kuficha. Amezirudisha, nimezipaka mafuta, ziko mahali pake. Maandazi nilikaanga, ni kweli. Alikula kumi na moja.

Nakuomba jambo moja. Tarehe kumi zungumza wewe kwanza, kabla hawajakuuliza. Usiwaambie habari za koo.

Etelka

Jana nililala saa kumi na moja jioni nikiwa nimevaa viatu. Leo sijui.


Kisfüzes
10 Aprili

Etelka,

Nimezungumza kwanza.

Walikuwa watatu nyuma ya meza ya Vilma, na katibu mwenye mashine ya chapa. Niliwaambia: chemchemi ilikuwa ya upana wa sahani, niliiona mapema, magunia yalikuwepo, watu walikuwepo, mvua ilikuwa imepungua. Sikuwa na sababu hata moja ya kuikosea. Mwenyekiti akauliza, "Basi kwa nini, Bakos?" Nikasema, "Saa moja asubuhi nilisikia mwanamume anacheka jikoni kwangu, na saa tatu nilikuwa bado namsikia."

Wakatazamana. Mashine ya chapa ikanyamaza. Katibu akauliza, "Hapo niandike nini?" Mwenyekiti akafikiri, akasugua macho, akasema, "Andika: uchovu."

Vilma alikuwa mlangoni na ndoo. Akasema, "Uchovu wa miaka kumi na minane," akaenda zake.

Sitasoma kipimo tena. Wamenibakiza kama kibarua wa tuta, wa kukata majani na kubeba magunia, chini ya mlinzi atakayetajwa. Wakasema mhandisi amependekeza jina. Hawakulitaja. Hawakuwa na haja. Mzee Lőrinc alikwisha kunipongeza kwenye waya asubuhi, kabla kamati haijaketi.

Nilichofanya baada ya hapo nitakisema, maana wewe umesema chako. Nilitoka nje nikamtukana tena yule farasi. Niliposoma kuhusu goti lako nilifurahi, Etelka. Nilifurahi kwamba na wewe ulikosea. Furaha hiyo ikakaa mpaka nilipofika pale uliposema uliondoa gunia. Mimi sikuliondoa.

Kama hujamjibu mhandisi, mjibu ndiyo. Nitaona wivu. Sijui niufanye nini, ila sitaukanyaga.

Kuhusu Februari: ndiyo, mara mbili. Ya pili Vilma ndiye aliyeniomba, kwa sababu ulikuwa wimbo wa harusi yake. Alilia juu ya bega langu wimbo wote. Nilisema mara moja kwa kuwa sikutaka kusimulia machozi ya mtu mwingine njiani. Sasa nimeyasimulia.

Gergely


Sárkerek
11 Aprili 1962
Asubuhi: anga safi, nyuzi tisa, umande. Kipimo 671. Miplamu miwili imeanza kuchanua, ile ya pili na ya tatu.

Gergely,

Nimemjibu ndiyo. Mhandisi ameondoka leo na viatu vyake vya ofisini vilivyofungwa kwa kamba, nami nimemkabidhi mkate na nusu ya mafuta ya moshi. Nusu nyingine ni ya Matyi, ili asiguse yako.

Karatasi imeandikwa: mlinzi wa tuta namba tisa, Etelka Bakos. Chini yake: kibarua, Gergely Bakos. Niliitazama kwa muda mrefu. Sikufurahi kama nilivyodhani ningefurahi, lakini sikuhuzunika kama ninavyopaswa kukuandikia. Daftari la kipimo nimeliweka kwenye rafu pamoja na langu. Tutaandika yote mawili mezani, wewe la ukungu na upepo kama unataka. Usilidharau. Lina kazi nyingi.

Juzi nilimpelekea Vilma bata bukini wawili kwenye kikapu, jike na dume. Leo asubuhi, baada ya kusoma namba yake, akasema kwenye waya: "Bibi Bakos, asante. Ila hili dume lako linakoroma kama mumeo." Nyumba zote zikacheka. Nami nilicheka, lakini nilichelewa kidogo kuliko wengine, kwa sababu kwanza nilijiuliza amejuaje. Kisha nikakumbuka kwamba aliniandikia mwenyewe habari za ghala. Nilikuwa naikumbuka barua yote, na bado nilijiuliza. Nakwambia ili ujue unarudi kwa mtu wa namna gani.

Matyi atakuleta keshokutwa, utafika kabla ya saa moja. Usipande kwenye tuta. Maji hayatakwenda popote bila wewe. Ingia jikoni, kaa kwenye kiti cha dirishani. Kahawa itakuwa mezani. Chumvi nimeitia kwenye kopo la sukari, na sikwambii hili ili uliepuke.

Saa moja kamili nitazungusha simu. Nitasema, "Namba tisa," na nikifika hapo wewe kunywa. Na ucheke, Gergely. Ucheke kwa nguvu kama alivyocheka yule kijana, kwa nguvu zaidi ukiweza, ili Mzee Lőrinc na Sári na Vilma na nyumba zote kumi na moja wajue jikoni kwangu kuna nani.

Wako,
Etelka

Nazima taa saa tatu kasoro dakika tano.

Asubuhi, kwa penseli, kabla ya lori: niliusikia mto kwa muda, halafu sikuusikia tena. Nililala saa nne na dakika kumi.